Ushuhuda wa Bi Mwanakheri

Sauti iliyomnyima Zulfa kazi kwa miaka minne ilikuwa ya mama yake mzazi.

Aliisikia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba chembamba cha Ofisi ya Rufaa pale Tanga mjini, amevaa hedifoni iliyomzidi kichwa. Kwanza alidhani wamemfungulia faili la mtu mwingine. Akaivua, akaitazama, akaivaa tena. Lakini ile sauti hakuna asiyeijua Ngamiani nzima, sembuse yeye. Hata kile kikohozi kifupi ambacho mama hukitoa kabla ya kusema jambo kilikuwemo.

"Zulfa? Huyu wangu huyu?" sauti ilikuwa inasema huku inacheka. "Ah, usinichekeshe, mwanangu. Huyu hana lolote. Mvivu! Akilala haamki, akiamka hajui aanzie wapi. Mie hapa nyumbani hata Zulfa simwiti, namwita Majaa. Takataka tu hili. Ndiye niliyepewa, nifanyeje?"

"Lakini nasikia ni fundi hodari wa mitambo, Bi Mwanakheri," ikasema sauti ya pili, ya kike, ya upole, Kitanga kitupu.

"Nani kakudanganya? Huyu kazi yake kuharibu. Redio yangu kaifungua ana miaka tisa, mpaka leo haijasema neno."

Wakacheka wote wawili, mama na yule mwanamke ambaye hakuwa mwanamke. Kisha sauti nyingine, kavu, ikasoma matokeo: "Shahidi wa kwanza, mzazi. Ukweli wa sauti, asilimia tisini na saba. Shahidi hana hofu, hana kinyongo, hasitasiti. Mwombaji asipendekezwe."

Zulfa aliiweka hedifoni mezani. Mbele yake alikaa Bwana Kaniki, afisa wa rufaa, mzee wa Kisambaa mwenye shati la mikono mifupi na chupa ya kahawa isiyokauka. Alikuwa anamtazama Zulfa kama mtu aliyekwisha kuiona sura ile mara nyingi.

"Pole, mwanangu," alisema.

"Baba, huyu hanichukii. Mama yangu ananipenda."

"Najua."

"Sasa mbona mashine haijui?"

Bwana Kaniki alijimiminia kahawa, akamsogezea na yeye kikombe.

Mashine yenyewe iliitwa Mshenga. Zamani watu walikuwa wakiomba kazi kwa barua. Baadaye simu zikaanza kuwaandikia watu barua hizo, na simu za waajiri zikaanza kuzisoma, na haikupita miaka mingi kila mtu nchini akawa mchapakazi mwenye ari na uwezo wa kushirikiana na wenzake, hata yule ambaye hakuwahi kufanya kazi wala kuwa na wenzake. Vyeti navyo vikawa vinapikwa na simu kwa dakika mbili, mhuri wake na sahihi yake. Kwa kuwa barua zote zilikuwa nzuri, hakuna aliyehangaika kuzisoma. Ndipo vijana fulani wakaja na wazo la kurudi kwenye mambo ya kale. Mtu akitaka kuoa si hutumwa mshenga akaulizie? Basi na kwenye kazi iwe hivyo hivyo. Unaweka kidole gumba kwenye simu yako, Mshenga anatazama ni akina nani unaozungumza nao sana, anachagua watatu, anawapigia na kupiga nao soga. Vijana wale waliona wamegundua jambo kubwa, kumbe walichogundua ni umbeya.

Na mzazi akiwa miongoni mwa hao watatu, neno lake lilihesabiwa kuwa nusu ya yote. Nani amjuaye mtu kuliko aliyemzaa? Mashahidi waliapishwa wasiseme kwamba wamepigiwa, na mwombaji hakuambiwa ni nani aliyeulizwa mpaka apate kazi na kutimiza miezi mitatu kazini. Zulfa alikuwa ameomba mara arobaini na moja. Katika majaribio ya vitendo alikuwa wa kwanza au wa pili kila mara, na kila mara simu ilimjibu neno moja: hapana. Alifikia hatua ya kujitazama kwenye kioo akitafuta kitu ambacho watu wanakiona na yeye hakioni. Sheria mpya ya kuwaruhusu waombaji wasikilize ushuhuda wao ilipoanza, alikuwa wa tatu kwenye foleni.

"Mashine inasikiliza pumzi," Bwana Kaniki alisema hatimaye. "Inapima koo linavyokaza, inapima kitambo kilichopo kati ya swali na jibu. Mwongo hukaza. Mama yako hakukaza hata kidogo. Maneno hayo ameyasema tangu unazaliwa, ulimi umeyazoea."

"Lakini kila mtu anajua kwamba mama hamsifu mwanawe kwa mtu baki! Ni adabu. Tena wanaogopa kijicho."

"Kila mtu wa huku anajua. Nimekwisha kuwaandikia wenye mashine barua sita. Wamenijibu kwamba ukweli ni ukweli, hauna mama wa Pwani wala mama wa bara." Akanywa funda. "Mimi mama yangu alifariki kabla ya Mshenga kuja. Siku hizi najiona nilibahatika, Mungu anisamehe."

Kisha akamweleza njia zilizobaki, na zilikuwa mbili tu.

Ya kwanza, kuomba simu ya pili. Mshenga angempigia mama tena, mara moja, siku yoyote ndani ya wiki mbili. Mama asifundishwe la kusema, maana Mshenga angejua. Na matokeo ya simu hiyo yangekaa miaka saba.

Ya pili, kumbatilisha shahidi. Zulfa aseme rasmi kwamba maneno ya mama yake hayaaminiki. Neno la mama lingeondolewa kwenye faili, zingebaki alama zake nzuri za vitendo, na milango ingefunguka: kulikuwa na mtambo mpya wa maji kule Mwambani, unaogeuza maji ya bahari yanyweke, ambao ulikuwa unatafuta fundi wa aina yake na ulikwisha kumuulizia.

"Na mama atapatwa na nini?"

"Sauti yake inakufa," Bwana Kaniki alisema, na hakulainisha. "Kwenye mashine zote. Anachukulia wapi dawa?"

"Zahanati ya Ngamiani. Dawa za presha. Anasema jina lake dirishani, kasha linafunguka."

"Halitafunguka. Hata gari la wagonjwa hawezi kuliita, mpaka amwombe mtu amsemee. Na kila aliyewahi kumtolea ushuhuda, ushuhuda huo unafutwa, na kazi aliyoipata inakwenda nao. Nimeangalia hapa. Mama yako amewatolea ushuhuda vijana kumi na mmoja wa mtaa wenu, na wote wamepata kazi. Anawasifu vizuri sana, ukimsikiliza utalia."

Zulfa hakuhitaji kumsikiliza ili alie. Alilia hapo hapo, juu ya kahawa ya watu.

*

Alirudi nyumbani, Barabara ya Kumi na Sita, amejiapia kwamba mama hatajua. Njia nzima alijisemea hivyo. Mwanamke ana miaka sitini na tisa, ana presha, utamwambiaje kwamba mdomo wake ndio uliomfungia mwanawe milango arobaini na mmoja?

Alimkuta Bi Mwanakheri barazani anachambua mchele kwenye ungo. Karibu yake alikaa Sefu, kijana wa nyumba ya tatu, ambaye miezi mitatu iliyopita alipata kazi ya kuendesha kreni bandarini. Amevaa shati lililopigwa pasi na kuleta kasha la haluwa.

"Karibu, Zulfa," Sefu alisema, akiwa bado anacheka kwa furaha yake. "Nimekuja kumshukuru Bi Mkubwa. Leo nimetimiza miezi mitatu, ndiyo siku ya kuonyeshwa mashahidi. Kumbe ni yeye! Nimesomewa maneno yake. Ati mimi nikipita mtaani hata paka hawakimbii! Mama yangu kalia kwa furaha."

"Nilisema kweli," Bi Mwanakheri alijibu, macho kwenye ungo. "Mashaallah, tabarakallah. Kijana mtulivu, mkweli, anaheshimu wakubwa. Yule mwanamke alifurahi mwenyewe."

"Na Zulfa je, Bi Mkubwa? Zamu yake inakuja."

"Huyu?" Bi Mwanakheri alikohoa kidogo, akacheka, akamtupia binti yake jicho la pembeni. "Nani atalitaka Majaa hili? Acha linimalizie mchele wangu hapa."

Hakukuwa na jipya katika maneno yale. Zulfa aliyasikia asubuhi, mchana na jioni tangu alipoanza kusikia. Alikuwa akiyacheka, na akiwa mbali alikuwa akiyakumbuka kwa hamu. Lakini siku ile yalimwingia vibaya, na vile viapo vyake vyote vya njiani vikamtoka.

"Ni wewe!" alisema. "Kumbe ni wewe, mama!"

"Mie nani tena?"

"Miaka minne! Nimesikiliza leo kwa masikio yangu. Mvivu, hana lolote, takataka. Umemwambia Mshenga! Mtoto wa mwenzio unamwombea kazi kama unaomba dua, wako unamtupa jaani! Arobaini na moja, mama! Nimeomba arobaini na moja, na zote umezikataa wewe!"

Sefu alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakujua aende na haluwa yake au aiache. Mwishowe aliaga kwa kichwa tu akaondoka.

Bi Mwanakheri aliuweka ungo chini. Alikuwa amebadilika rangi.

"Nilikuwa nakuombea kazi," alisema.

"Kwa kuniita takataka?"

"Sasa nisemeje, Zulfa? Mama gani mwenye akili zake anamsifu bintiye kwa mtu asiyemjua? Si watasema ana kilema anakifunika? Mtu akija kuulizia, unasema hana lolote, na yeye anaelewa. Ndivyo tulivyoulizwa sote. Bibi yako alisema mie sijui hata kuchemsha maji, na baba yako akanioa." Alikuwa anamtazama kama mtu anayeomba asaidiwe. "Yule mwanamke alicheka na mie. Nilijua kanielewa."

"Yule si mwanamke, mama. Ni mashine."

Bi Mwanakheri hakuwa anajua. Aliirudia ile habari kwa midomo bila kutoa sauti. Miaka minne alikuwa amekitunza kiapo cha shahidi, hakumwambia mtu, tena kwa fahari kidogo, akiamini amemtengenezea mwanawe mambo kwa mwanamke mwenzake mwenye adabu.

"Na tena," alisema baadaye, taratibu, "nilikwisha kusifu mara moja."

Zulfa alijua anachotaka kusema na alitamani asikiseme. Kabla yake yeye alizaliwa Kombo. Kombo alikuwa na miaka mitatu pale mgeni mmoja kutoka Pangani alipomnyanyua akasema mtoto huyu mzuri, na Bi Mwanakheri, kijana wakati huo na mwenye furaha zake, akajibu kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mtaa mzima hakuna wa kumfikia. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa walimzika. Ndiyo maana Zulfa alipozaliwa alipelekwa akalazwa jaani kwa dakika moja, jirani akamwokota, akapewa jina la mahali pale.

"Mimi si Kombo," Zulfa alisema.

"Hujui wewe," mama yake alijibu. Akauchukua ungo akaingia ndani.

Zulfa alikaa barazani peke yake na ile haluwa. Aliitoa simu. Vitufe viwili vilikuwa vinamngoja: SIMU YA PILI na BATILISHA. Alilifikiria kasha la dawa lisilofunguka. Alimfikiria Sefu, ambaye mkewe ana pacha wa wiki tano, akishushwa kwenye kreni. Lakini zaidi ya yote aliufikiria uso wa mama yake pale aliposema nilijua kanielewa. Akabonyeza simu ya pili.

Hakumwambia mama kwamba simu itakuja. Angalau hilo aliliweza.

*

Siku tatu nyumba ile haikuwa na maneno. Chakula kilipikwa, kililiwa, vyombo vilioshwa. Bi Mwanakheri hakumwita Majaa, wala hakumwita Zulfa. Alikuwa akimtazama tu, kisha akiinamisha macho, na Zulfa akijuta kila alipomwona.

Ijumaa asubuhi Zulfa alikuwa uani anatengeneza pampu ya jirani. Ameweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini wake sikioni, anasikiliza beringi zinavyolia ndani, kama alivyofundishwa chuoni. Mlio wa beringi iliyochoka ni tofauti na wa beringi kavu, na mtu akizoea hahitaji kufungua kitu. Katikati ya kusikiliza kwake akasikia simu ya mama ikiita chumbani, na baada ya kitambo, kile kikohozi.

Alisimama. Akaenda mpaka kwenye mlango wa nyuma, akajibanza kwenye pazia, bisibisi bado mkononi.

"Alaikum salaam," mama alisema. "Nakujua. Wewe ni Mshenga."

"Ndiye mie, Bi Mwanakheri. Hujambo? Nina maulizo kidogo kuhusu binti yako, Zulfa."

Kwenye uwazi wa pazia Zulfa alimwona mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeshika simu, wa pili umekamata nguzo ya chandarua kama mtu aliye kwenye gari bovu. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu, anasoma na kujipulizia kifuani.

"Mwanangu ni mzuri," alisema.

Sauti haikuwa yake. Ilitoka nyembamba na ikakatika katikati.

"Uzuri upi, mama?"

"Mzuri wa kila kitu. Astaghfirullah. Ana akili. Akishika kitu kibovu hakilali kibovu. Ana... huweka bisibisi sikioni, ukimwona utadhani mota inamwambia siri. Ile redio nilikudanganya. Aliifungua ana miaka tisa na aliifunga mwenyewe ikaimba, mie ndiye niliyeitoa betri nikaificha, watu walianza kumstaajabia. Sikutaka wamseme."

Zulfa aliziba mdomo kwa kiganja. Miaka kumi na tisa alikuwa ameamini kwamba ile redio aliiua yeye.

"Si mvivu," Bi Mwanakheri aliendelea, na sasa alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. "Anaamka kabla yangu, ananichotea maji, anarudi kujilaza ili nidhani bado amelala nisione haya. Anadhani sijui. Akikataliwa kazi halii mbele yangu, huenda kulia uani nyuma ya pipa, na mie humsikia, sitoki, maana nikitoka nitamkumbatia na nikimkumbatia nitasema. Ya Rabi, nisamehe. Hakuna mtoto kama yeye. Nimesema. Tanga nzima hakuna."

Alijipulizia tena kifuani, kulia na kushoto.

"Bi Mwanakheri," Mshenga aliuliza kwa upole ule ule, "uko salama? Kuna mtu hapo karibu nawe?"

"Hakuna mtu. Ni mie na Mungu wangu."

"Kuna mtu aliyekwambia useme hivi?"

"Hakuna."

"Unaogopa nini, mama?"

Bi Mwanakheri aliikata simu, akaiweka kitandani kifudifudi, akajifunika uso kwa ushungi. Zulfa alitaka kuingia. Alitaka kupiga magoti pale sakafuni na kumwekea kichwa mapajani. Lakini kama angeingia mama angejua kwamba amesikia, na Zulfa hakuwa na hakika kama mama angeweza kulibeba hilo. Alirudi kwenye pampu akakaa mbele yake, akilia, nyuma ya pipa lile lile.

*

Majibu yalikuja baada ya swala ya Ijumaa. Aliyasoma amesimama.

Shahidi wa kwanza, mzazi. Ukweli wa sauti, asilimia kumi na nne. Shahidi ana hofu kuu, pumzi fupi, koo limekaza tangu mwanzo mpaka mwisho. Inaelekea ameshurutishwa. Ushuhuda wa awali unabaki. Faili limefungwa kwa miaka saba.

Alisoma mara mbili. Kumbe ile siku mama yake alipomtukana kwa raha zake, mashine ilimwamini, na siku alipokiondoa kifuani kitu alichokificha miaka ishirini na minane, ikamwita mwongo. Zulfa alijikuta anacheka, kicheko kibaya kisicho na sauti. Faili likifunguliwa atakuwa na miaka thelathini na mitano.

Chini ya maandishi yale palikuwa na mistari mingine. Kwa kuwa shahidi amebainika kusema jambo lisilo la kweli, mwombaji anaweza kumbatilisha papo hapo. Nafasi ya Mwambani ingali wazi kwa saa moja. Unathibitisha kwamba shahidi huyu haaminiki? NDIYO. HAPANA.

Kidole gumba chake kilisimama juu ya kioo. Tusimfanye Zulfa malaika. Kidole kilisimama pale kwa muda mrefu, na kilikuwa upande wa ndiyo. Aliuona mtambo ule wa Mwambani, mabomba yake meupe, sare yake ya buluu, watu wakimwita fundi. Alijiambia kwamba yeye mwenyewe angekuwa akienda zahanati kumsemea mama dirishani. Alijiambia kwamba Sefu ni kijana, atapata nyingine. Mambo mengi mtu huweza kujiambia kwa saa moja, na karibu yote aliyaamini.

Ila neno lenyewe alishindwa kulipita. Haaminiki. Athibitishe kwa kidole chake kwamba yale aliyoyasikia asubuhi nyuma ya pazia ni uongo. Kwamba hakuamka kabla ya mama yake, kwamba hakuna aliyemsikia akilia, kwamba Tanga nzima wapo wengi tu kama yeye. Katika maisha yake yote hayo ndiyo maneno pekee ya namna ile aliyopewa, na wanamtaka ayaandike kuwa uongo ili apate kazi.

Akabonyeza hapana. Mwambani ikatoka kwenye kioo, ikabaki saa na tarehe.

"Wamesemaje?"

Bi Mwanakheri alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa kanga zake za kutokea, amejipaka wanja, kama mtu anayengoja wageni. Tangu asubuhi alikuwa amefukiza ubani vyumba vyote, moshi ulikuwa bado umemganda nguoni. Alikuwa anamkagua Zulfa kutoka utosini mpaka miguuni: macho, rangi, kama anasimama sawasawa. Siku nzima alikuwa akimkagua hivyo.

"Wamesemaje, mwanangu? Nilijua leo watajibu. Wamekupa?"

Zulfa alifikiri kudanganya. Lakini sare ya buluu asingeweza kuitoa hewani.

"Hawakunipa, mama."

Uso wa Bi Mwanakheri ukaanguka, kisha, taratibu, ukaanza kufanya jambo ambalo Zulfa hakulitegemea. Ulikuwa unafunguka. Mabega yalishuka. Ile hofu aliyoishi nayo tangu asubuhi ilikuwa inamtoka mbele ya macho ya binti yake.

"Kazi," alisema. "Imechukua kazi."

"Nini kimechukua kazi?"

"Nilisifu. Leo nilisifu, Zulfa, nilifungua mdomo, nikajua tu kwamba lazima kuna kitu kitachukuliwa. Nimekaa hapa tangu asubuhi nakutazama wewe." Machozi yalimshuka na wanja wake, na alikuwa anatabasamu. "Alhamdulillahi. Imechukua kazi, imekuacha wewe. Kazi ni nini? Ichukue. Ichukue zote."

Alimshika mashavu kwa mikono miwili. Viganja vilikuwa vya moto, vinanuka ubani.

"Unaona sasa? Unaona nilichokuwa nakwambia? Sirudii tena. Wallahi, mpaka naingia kaburini, hutalisikia neno hilo mdomoni mwangu."

Zulfa alitaka kumwambia kwamba si kijicho, ni mashine, ni pumzi fupi na koo lililokaza. Lakini alipokuwa anayapanga maneno yale akaona kwamba mama yake hajakosea. Alikuwa amemsifu, na kwa sababu amemsifu kazi imekwenda. Hakukuwa na njia nyingine ya kuieleza.

Alichotaka hasa kilikuwa kingine, na kilikuwa kidogo. Alitaka kusema, nilikuwa nyuma ya pazia, mama. Sema tena. Mara moja tu, nikiwa mbele yako, nione mdomo wako unavyosema. Neno lilimfika kooni. Akamtazama mama yake, mwanamke wa miaka sitini na tisa aliyepona siku hiyo kutoka kwenye hofu ya kuzika mtoto wa pili, anacheka na kulia pale mlangoni.

"Sawa, mama," akasema. "Usirudie."